Mahali Pasipotokea Kitu

Waya wa Karam ulianzia juu ya paa la nyumba yake, ukavuka kichochoro, ukaingia dirisha hili na kutokea lile, mpaka mtaa mzima pale kitongojini Shubra ukawa umefungwa kwa kamba moja. Mwenye dishi alikuwa yeye. Wengine wote walikuwa wageni wake. Alichorusha Karam ndicho walichotazama, na asiyekipenda alikuwa na ruhusa ya kwenda kulala. Lakini watu hawakulala, maana kati ya stesheni zake ilikuwemo moja aliyoijaza mwenyewe kwa mikanda ya senema za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, alizokuwa akizifukua kwa wauza vitu kuukuu kule sokoni Ataba. Stesheni hiyo haikuwa na tangazo hata moja. Picha ikianza imeanza, ikiisha imeisha, na ukitaka kwenda msalani katikati, shauri yako.

Hiyo ilikuwa zamani. Halafu madishi yakashuka bei, kila paa likaota sahani yake, na nyumba moja baada ya nyingine ikakata waya. Karam akafanya ambalo angefanya mtu yeyote mwenye mke, watoto watatu na paa linalovuja: akaanza kupokea matangazo. Kwanza la ukumbi wa harusi. Likafuata la muuza samli. Kisha Hajji Zaghlul mwenye bucha akaleta lake, na tangu siku hiyo hakuna kijana wa senema aliyewahi kumtamkia binti kwamba anampenda bila Zaghlul kuingia kati na paja la ndama.

Watu walinung'unika. Aliyenung'unika kuliko wote alikuwa Bi Afkar, mjane wa ghorofa ya tatu, na alijiona ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa yeye alikuwa mwenzao wa wale wa ndani ya kioo. Alipokuwa msichana, kabla hajaolewa, aliwahi kucheza senema.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo, na aliujua yeye peke yake. Binamu yake mshonaji alimchukua studio siku moja kubeba nguo, na mtu mmoja mwenye sigara akamtazama akasema, huyu atafaa. Wakamvika kitambaa cha mtumishi. Kijana wa kwenye hadithi akabisha hodi, Afkar akafungua mlango, akasema, "Bibi ametoka. Ingia umsubiri." Basi. Uso wake ulijaa kwenye kioo kwa muda wa mtu kumeza mate, wakamlipa, akarudi nyumbani. Picha ikaonyeshwa wiki moja kwenye senema ya daraja la pili, ikaondolewa, isionekane tena.

Lakini mwanamke ambaye Mungu hakumjalia mtoto anatakiwa awe na kitu cha kuongea pale wenzake wanapohesabu wajukuu. Bi Afkar akaongea senema yake. Na kila alipoongea alitia chumvi kidogo. Mtumishi akawa jirani, jirani akawa rafiki wa bibi harusi, na mwisho akajikuta yumo kwenye karamu kubwa, amevaa gauni la kuburura sakafuni, anacheka na glasi mkononi. Kufikia uzee karamu ile ilikuwa na wanamuziki.

Aliyemjibu siku zote alikuwa Mama Wagih. Roshani zao zilitazamana, zimekaribiana kiasi cha kupokezana sahani bila kuinuka. Waliingia mtaani mwaka mmoja, wote maharusi, na toka hapo hawajaachana wala hawajapatana.

"Nyota!" Mama Wagih alikuwa akiita asubuhi. "Umeamkaje, Nyota?"

"Salama, Mama Wagih."

"Alhamdulillahi. Vitunguu vyako vinaungua."

Alimwita Nyota mbele ya muuza mboga, mbele ya wakwe zake, mbele ya imamu. Bi Afkar alikuwa akicheka na wengine, kisha anaingia ndani na kukaa kwenye kiti chake, na kicheko kinaishia hapo. Alichotaka ni kitu kimoja tu kabla hajafa: yule mwanamke aketi mbele ya kioo, amwone, anyamaze.

Ndiyo maana siku Karam alipoita kutoka chini, roho ilimruka.

"Mama mdogo! Mama mdogo Afkar! Nimeipata!"

Alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, mkanda umeinuliwa juu kwa mikono miwili. Karam hakuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa mtoto wa jirani aliyelelewa nusu jikoni kwake, na aliendelea kumwita hivyo hata baada ya kupata mvi.

"Umepata nini?"

"Senema yako! Yenyewe! Jalada limeliwa na panya lakini mkanda mzima. Naionyesha Alhamisi, baada ya magharibi."

Madirisha yakafunguka. Bi Afkar alishika chuma cha roshani.

"Na Zaghlul?" akauliza.

Karam akakuna kichwa. "Alhamisi ni yake, mama mdogo, siwezi kumtupa. Lakini nakuapia kwa macho yangu haya, ile karamu yako sitaigusa. Karamu nitaiacha nzima, kuanzia mwanamuziki wa kwanza. Nyama itapita kwingine."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno matatu yangetosha: siko kwenye karamu. Akafungua mdomo. Upande wa pili Mama Wagih alikuwa ameketi na bakuli la vitunguu saumu mapajani, ameacha kumenya, masikio yamemsimama.

Bi Afkar akafunga mdomo.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Mungu akuweke."

Alhamisi alisugua nyumba tangu alfajiri. Alioka keki ya basbusa, akakaanga mbegu za tikiti, akaazima viti ghorofa ya pili. Magharibi ilipopita sebule ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na Mama Wagih amekamata kiti cha mbele kabisa, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Bi Afkar mwenyewe alisimama nyuma, karibu na jiko, ili watu wakigeuka kumtazama wamwone ana kazi mkononi.

Picha ilikuwa imechakaa, mvua inanyesha ndani yake hata vyumbani, lakini sauti ilikuwa nzima. Kijana maskini anampenda binti tajiri, baba hataki. Wanawake walianza kusikitika mapema. Karamu ikaja, ndefu, haikukatwa hata kidogo, na shingo zote zikanyooka.

"Uko wapi?" akauliza mke wa Karam kwa upole. "Yule mwenye shanga?"

"Subirini," akasema Bi Afkar. Sauti ilimtoka nyembamba. "Bado. Kuna mahali pengine, mbele."

"Pengine wapi tena? Karamu si ndiyo hii?" Mama Wagih akasema, lakini hakugeuka.

Wageni wa karamu wakaaga. Kijana akatembea barabarani peke yake, akafika nyumba kubwa, akapanda ngazi. Bi Afkar aliitambua ile ngazi. Aliutambua mlango, mbao nzito na vioo viwili juu. Alijua upande wa pili wa mlango ule amesimama msichana, kitambaa kimembana kichwani, anaomba Mungu asisahau maneno. Kijana akainua mkono, akabisha.

Na Hajji Zaghlul akajaa kwenye kioo, mwekundu, kanzu nyeupe, kisu kikubwa mkononi, ndama ananing'inia nyuma yake.

"Nyama ni ya Zaghlul!" akapaza. "Laini! Safi! Mama, usimwonee aibu mgeni, njoo kwa Zaghlul!"

Alipotoka, kijana alikuwa ameshaketi kwenye kochi, miguu imepishana, kahawa imeletwa.

Bi Afkar aliona migongo ya watu ikisubiri, wema wa watu, wakidhani bado. Picha ikaenda mpaka mwisho. Binti akaolewa, baba akalia, maandishi yakapanda. Ndipo Mama Wagih alipogeuka.

"Sasa nisaidieni jamani," akasema. "Nyota wetu ni yupi? Mimi aliyenitazama usoni ni ndama peke yake."

Wakacheka. Hawakuwa wabaya, kicheko kilikuwa kimewabana tangu mwanzo na kikapata pa kutokea. Bi Afkar naye akajaribu kucheka. Hakuweza. Akaliweka sinia la basbusa chini na kutoka akiwa na ndala za ndani, akashuka ngazi.

Karam alikuwa chumbani mwake kati ya nyaya, deki mbili za video zimepandana, anarudisha mkanda nyuma. Alipomwona akasimama akitabasamu.

"Umeonaje karamu, mama mdogo? Sikuigusa!"

"Ule mlango," akasema Bi Afkar. "Rudisha pale mlangoni. Ondoa Zaghlul nione."

Tabasamu likapungua. "Zaghlul haondoki, mama mdogo. Yuko ndani ya mkanda."

"Ndani vipi?"

Akamweleza, macho yakiwa kwenye deki. Zamani alikuwa akiusimamisha mkanda, anatia mwingine wa tangazo, picha inapotea, na watu wanakuja kumgongea wakidhani waya umekatika. Kwa hiyo siku hizi alikuwa akilirekodi tangazo juu ya senema yenyewe. Mkanda unakwenda moja kwa moja, hakuna anayesumbuka. Kilichokuwa chini yake kinafutika, lakini hakina hasara.

"Nachagua vizuri, mama mdogo. Siweki penye mapenzi, siweki penye wimbo, siweki penye ugomvi. Natafuta mahali pasipotokea kitu. Mtu anapanda ngazi, mtu anafungua ml..."

Akakwama hapo. Aliutazama uso wa yule mama aliyemlisha utotoni, na rangi ikamtoka.

"Mkanda mwingine hupati?" akauliza Bi Afkar.

"Yule mzee aliyeniuzia alikuwa na huu tu. Nilimuuliza." Karam akaketi kwenye kreti. "Lakini wewe ulisema karamu. Miaka yote ulisema karamu, mama mdogo. Mimi nilikuwa naikagua ile karamu uso baada ya uso nikikutafuta."

"Na yule wa mlangoni? Ulimwona?"

Angeweza kudanganya, na huenda angesamehewa. "Nilikuwa naangalia namba za deki," akasema. "Nilisikia tu mlango unalia."

Bi Afkar hakumgombeza. Angeanzia wapi? Kama angesema kweli ile siku, pale roshanini, mbele ya bakuli la vitunguu saumu, Zaghlul angewekwa kwenye karamu na yeye angebaki mlangoni pake. Gauni ambalo hakuwahi kulivaa ndilo lililomfuta. Alipanda ngazi polepole, akawakuta watu wameshaondoka na mke wa Karam anaosha vikombe, akamshukuru, akajifungia.

Siku zilizofuata hakutoka roshanini. Mama Wagih aliita "Nyota!" mara moja, akajibiwa na kimya, hakuita tena. Alianza kumenya vitunguu vyake akitazama lile dirisha lililofungwa.

Karam ndiye aliyekuja, amemtanguliza Rifaat, mpiga video wa maharusi, yule yule aliyelipiga tangazo la Zaghlul.

"Mama mdogo, nimefikiri," akasema, bado amesimama mlangoni. "Nilichofuta siwezi kukifufua. Lakini mahali pake pale pale papo. Tukupige video wewe, ufungue mlango, useme neno lako, nami nikurekodi juu ya Zaghlul."

"Na Zaghlul je?"

"Zaghlul nitamhamishia karamuni, akale na wageni."

Rifaat akacheka. Bi Afkar hakucheka.

"Unataka nichekwe na mtaa mzima? Kijana wa nyeusi na nyeupe anabisha kwa msichana, mlango unafunguka ni bibi kizee wa picha ya rangi?"

"Watacheka," Karam akakubali. "Nami nitacheka. Lakini utakuwemo."

Bi Afkar akautazama mlango wake. Hakuwa akifikiria mikunjo. Mikunjo walikuwa wakiiona kila siku akinunua mkate. Alikuwa akifikiria kwamba akisimama pale na kitambaa cha mtumishi, gauni limekwisha. Wanamuziki wamekwisha. Kila mtu atajua kwamba ile senema ya maisha yake yote ilikuwa mlango mmoja. Ilimwuma kuliko alivyotarajia. Lakini akamkumbuka pia yule msichana aliyeomba asisahau maneno, ambaye hakusahau, na ambaye hakuna kiumbe aliyemtazama, hata Karam.

"Mlango wangu haufai," akasema hatimaye. "Ni wa bati. Ule ulikuwa wa mbao, wenye vioo."

Wakatazamana. Mtaani kote mlango wa mbao wenye vioo ulikuwa mmoja tu.

Alienda mwenyewe, hakutaka Karam amsemee. Mama Wagih alifungua akiwa na unga mikononi.

"Mama Wagih, nimekuja kuomba mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa senema." Akapiga moyo konde. "Sikuwa kwenye karamu. Sikuvaa gauni. Nilikuwa mtumishi, nilifungua mlango kijana akaingia. Ni pale pale alipowekwa ndama."

Mama Wagih alimtazama kuanzia kichwani mpaka ndala, halafu tena kurudi juu.

"Mlango tu?"

"Mlango tu."

"Afkar wee!" Mama Wagih akajipiga paja, unga ukaruka. "Maisha yangu yote mimi nilikuwa naonea wivu mlango? Mume wangu alipokufa nililia, nikasema, mwenzangu amecheza karamuni na glasi mkononi, mimi nimepika mchuzi wa mulukhiya. Kumbe mlango!"

"Nisamehe."

"Nani kakwambia nimekasirika? Nimepumua!" Akamvuta ndani kwa mkono wenye unga. "Hebu ingia. Kitambaa gani walikuvika? Cheupe? Ninacho cheupe. Hicho ulichojifunga ni cha kufutia meza."

Rifaat alisimamisha kamera yake ukumbini kwa Mama Wagih. Karam akasimama nje ili abishe hodi. Ngazi zilikuwa zimejaa wanawake wa kila ghorofa.

"Haya mama," Rifaat akaeleza, akitumia lugha yake ya harusini. "Ukifungua, unanitazama mimi hapa, unatabasamu, hesabu moja mbili, halafu unasema. Hajji Zaghlul nilimwambia hivyo hivyo."

"Nikutazame wewe kwa nini?" Bi Afkar akauliza. "Wewe ndiye uliyebisha?"

"Mama, watu wote hutazama kamera..."

"Ndiyo maana wote wanafanana na Zaghlul. Sogea huko, umekaa penye mwanga wangu."

Karam akabisha. Na Bi Afkar, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu majira ya baridi, akaja mlangoni kwa hatua nyepesi, akafungua mpaka nusu, akauacha uso upokee mwanga wa ngazi, akamtazama aliyebisha kama mtu anayemwonea huruma na hawezi kusema. "Bibi ametoka," akasema kwa sauti ya chini. "Ingia umsubiri." Akarudi nyuma hatua moja kumpisha, na hakuitazama kamera hata kwa bahati mbaya.

Rifaat aliondoa jicho kwenye kamera.

"Huyu amewahi kufanya hii kazi," akasema, kana kwamba anawaarifu.

"Sasa ulikuwa unadhani nini?" Mama Wagih akamkemea. "Tumekuwa tukikwambia siku zote!"

Alhamisi ile Bi Afkar hakualika mtu. Joto lilikuwa kali, madirisha yote wazi, na alitoka roshanini akakaa na kuipa TV yake mgongo, kwa kuwa moyo haukuwa na nguvu ya kujitazama. Aliisikia karamu ikipita, akamsikia Zaghlul ndani yake akiuza nyama kati ya wanamuziki, na mtaa ukipiga makofi ya dhihaka. Alisikia nyayo za kijana barabarani. Akasikia ngazi. Akashika chuma.

Hodi ikabishwa, na sauti yake ikatoka kwa Mama Wagih, ikatoka kwa Karam, ikatoka ghorofa ya chini na nyumba ya pembeni na juu ya kinyozi, kutoka kila dirisha ambalo lilikuwa bado na waya. *Bibi ametoka. Ingia umsubiri.* Mahali fulani mtu alicheka, mwingine akamnyamazisha. Halafu kijana yule wa nyeusi na nyeupe akawa ameketi kwenye kochi, na alikuwa ameketi kwa sababu kuna mtu alimfungulia.

Mama Wagih alitokea kwenye roshani yake, anajipepea na mfuniko wa sufuria.

"Mwanamke mzima," akasema, "unamfungulia mwanamume usiyemjua, saa hizi, na mlango wenyewe wangu. Watu watasema nini?"

Bi Afkar alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yakaendelea kutoka hata baada ya kicheko kwisha. Akayafuta kwa kiganja.

"Wakati ule nilikuwa mzuri, Mama Wagih," akasema. "Ungeniona. Mashavu haya hayakuwa hivi."

Mama Wagih akaacha kujipepea.

"Najua," akasema. "Nakukumbuka."